Dakika Kumi na Nne Sakafuni

Kitendawili! Wewe unayesoma, sema "tega" hata kwa moyo. Haya, shika hiki: ni nani huyo, akijitupa chini haumii, akishikwa asianguke anavunjika?

Usiniambie mpira. Usiniambie maji. Na usianze kunipa mji, miji ninayo tele, nimepewa tangu niko mtoto. Tulia tu nikupeleke Ikongwe, mlimani kule Upare, kwenye msiba wa Nakaaeli, ukamwone mwenye jibu amesimama kwa miguu yake miwili, amesimama mpaka aibu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Jeneza lilikuwa limeshatolewa ndani, limewekwa uani juu ya viti viwili. Wanawake wa ukoo walikuwa wanaingia mmoja mmoja kutoka njia ya migombani. Sasa ujue, mwanamke wa Ikongwe haingii msibani kama anayeingia dukani. Ukifika pale uani unaliita jina la marehemu, unajifunga kanga vizuri kiunoni, unajitupa. Chini, mzimamzima, kwa bega na ubavu, kama mzigo uliokatika kamba. Unalia hapohapo chini mpaka wenzako waje wakuinue. Wafiwa wakikuona chini wanajua uchungu wao na wewe umeubeba.

Namsifu alikuwa jikoni anamenya ndizi na wenzake, akasikia sauti ya mama yake inapanda kutoka njiani.

"Nakaaeli weee! Wifi yangu weee! Umeniachia nani wa kunisema?"

Akanyoosha shingo kutazama. Mama yake, Bi Nanzia, ana miaka sabini na minne, na hakuna msiba pale mlimani uliokamilika kabla hajafika. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya jeneza, akainua mikono juu, akauachia mwili.

Mwili haukwenda.

Chini ya gauni, kuanzia kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, Shikizo, ile suruali wanayovalishwa wazee wasianguke, lilikaza. Nyuzi zake, ambazo siku zote ni laini kama soksi, zikawa chuma. Magoti yakafungwa. Nyonga ikafungwa. Mgongo ukanyooshwa. Bi Nanzia akabaki wima kama nguzo ya umeme, mikono juu, machozi yanamtiririka, na hata kuinama hawezi.

Kilio kikapungua. Watu wakageuka kutazama.

"Mbona hashuki?" mmoja akanong'ona.

"Kwa watu baki anajitupa. Kwa wifi yake wa miaka hamsini anaogopa kuchafua gauni."

"Mwacheni," akasema Mama Kiariro, jirani wa upande wa kisimani, na yeye hakunong'ona. "Leo amekuwa bibi harusi."

Namsifu akaacha kisu na ndizi, akakimbia.

"Mama, tulia, usilazimishe. Ukilazimisha linazidi kukaza."

"Nifungue."

"Siwezi mpaka ofisini waruhusu. Nimeshatuma ombi."

"Nifungue, Namsifu! Huyu ni Nakaaeli!"

"Nimeomba, mama. Wameandika nisubiri."

Wakasubiri. Jeneza likainuliwa, likapitishwa mbele ya Bi Nanzia akiwa vilevile, likaenda. Udongo ulipoanza kudunda huko kaburini, ndipo Shikizo likalegea nusu, likamkalisha lenyewe, polepole, kwa adabu zote, juu ya kiti cha plastiki.

Basi jibu lako hilo hapo, limekaa kwenye kiti. Mji wako baki nao.

* * *

Alhamisi mchana Namsifu alipanda tena mlima kutoka mjini anakofanya kazi. Alimkuta mama yake mlangoni, kwenye kigoda, anapukuchua maharage.

"Shikamoo, mama."

Bi Nanzia akaendelea kupukuchua. Shikamoo ile ikabaki inaning'inia mlangoni kama nguo iliyosahauliwa kambani. Tangu Namsifu ajue kusema, mama yake hakuwahi kumnyima marahaba, hata siku aliyovunja chungu cha bibi yake.

"Mama, imekuja taarifa kutoka Ofisi ya Hifadhi ya Wazee. Una alama kumi na moja."

"Alama za nini? Nimerudi shule?"

"Za kuanguka. Anayeishi peke yake akizidisha kumi anahamishwa. Nyumba ya Sakafu Laini, kule chini mjini. Gari linakuja Jumamosi."

Bi Nanzia akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kikavu kama maganda aliyokuwa anayatupa. "Sakafu laini! Watanilaza na chupa ya maziwa pia? Haya, nisomee. Mimi huyu nimeanguka mara kumi na moja lini?"

Namsifu akafungua kishikwambi chake. Alikuwa fundi wa Mashikizo wa tarafa nzima. Kazi yake ilikuwa kuwapima wazee, kuwavalisha, na kusoma kile mashine inachoandika juu ya miili yao.

"Machi tisa."

"Tumemzika Mzee Kiangi."

"Machi ishirini na mbili."

"Kijana wa Mchome, yule wa pikipiki."

"Aprili mbili."

"Mama mkwe wa mwalimu. Mvua ilinyesha, nikajitupa kwenye tope, kanga ile mpaka leo ina doa. Endelea. Mbona umenyamaza? Soma!"

Namsifu alinyamaza kwa sababu alikuwa ameshaelewa, na alichoelewa kilimuunguza.

Shikizo lina vijicho vidogo kama punje za ulezi, vimeshonewa kwenye nyuzi kuanzia kiunoni mpaka kwenye vifundo. Vinaona uzito unahamia wapi, mguu unachelewa wapi, na mwili ukianza kwenda chini vinakaza nyuzi kabla mwenyewe hajastuka. Lakini vijicho hivyo havikuzaliwa vinajua kuanguka ni kupi. Vilifundishwa. Namsifu mwenyewe alikuwamo katika kuvifundisha. Miezi sita alikaa kwenye chumba kikubwa mjini, analeta wazee, anawaambia haya bibi tembea, haya babu panda ngazi, sujudu, chuchumaa kama uko chooni, piga magoti kama unamsalimu mkwe. Mashine ikajifunza yote hayo kwamba si kuanguka. Hakuna aliyekumbuka msiba. Na nani angemwambia mzee wa watu, haya bibi, jifanye umefiwa?

Basi Shikizo lilipouona mwili wa Bi Nanzia unakwenda chini kwa kasi ile, liliandika: ameanguka. Likaandika mara tisa. Na kwa kuwa lina akili ya kujiongeza, likajiongeza: kila panapokuwa na sauti za vilio, huyu huanguka. Mara ya kumi likasikia vilio, likawahi.

"Mama," akasema Namsifu, "mashine hii hatukuifundisha msiba."

"Nani hakuifundisha?"

"Sisi. Mimi."

Bi Nanzia akaweka ungo chini. "Wewe umezaliwa wapi, Namsifu? Umeokotwa? Kutoka hapa mlangoni nimekubeba mgongoni nikienda misibani, nikijitupa na wewe ukiwa tumboni. Leo unakaa na watu wa mjini kwenye chumba, unawafundishia chuma kutembea, na msiba unausahau? Au baba yako ulimlilia kwenye simu?"

"Usimtaje baba!" Sauti ya Namsifu ilipanda mpaka kuku wakatawanyika. "Baba alilala kwenye sakafu ya bafu tangu asubuhi mpaka saa kumi, nyonga imevunjika, anaita na hakuna wa kumsikia. Wewe uko shamba, mimi niko chuoni. Halafu wiki sita, mama. Wiki sita za vidonda vya kitandani. Ulitaka nisubiri na wewe nikuokote hivyo? Ndiyo, sahihi ya kukuvalisha Shikizo nilitia mimi. Na ningetia tena!"

"Na baada ya kumzika nilikuomba nini?"

Namsifu akawatazama kuku wanaorudi mmoja mmoja.

"Nilikuomba vitu vitatu. Bomba la chuma ukutani bafuni, nishike nikioga. Taa ya njia ya choo. Na saruji ya jikoni uikwaruze isiteleze. Vitu vitatu, fundi wa hapa Ikongwe anavimaliza kwa siku moja. Umeniletea kipi? Umeniletea suruali inayojua kuliko mimi! Halafu wenzako wakaja wakaniwekea vigae vyeupe jikoni, vinang'aa kama sahani, eti suruali iusome mguu vizuri. Nikawaambia vitateleza. Wakaniambia, bibi, usiwe na wasiwasi, una Shikizo."

Namsifu akainamia kishikwambi, akaendelea kuhesabu kwa sauti ndogo. Mei, misiba miwili. Juni, mitatu. Julai, mmoja. Ya kumi ilikuwa ya shangazi Nakaaeli, imeandikwa "anguko lililozuiliwa", na hilo nalo wanalihesabu. Akafika ya mwisho, akasita.

"Hii ya kumi na moja ni juzi Jumanne. Saa tano asubuhi." Akatazama tena. "Jumanne hapakuwa na msiba, mama. Na hukuwa nje. Ulikuwa jikoni."

Mikono ya Bi Nanzia ikasimama juu ya maharage.

"Inaonyesha ulianguka, ukakaa chini dakika kumi na nne." Hasira yote ilikuwa imemtoka Namsifu, imebaki hofu tupu. "Mama. Ulikuwa unafanya nini chini dakika kumi na nne?"

Bi Nanzia akachukua ungo, akainuka, akatoka nje kupepeta maharage ambayo hayakuwa na kapi hata moja.

"Sijibu maswali ya suruali," akasema.

* * *

Ijumaa yote Namsifu hakufanya kazi ya maana. Zile kumi hazikumtisha, alijua atazipigania. Iliyomtisha ni ile moja.

Sheria yenyewe aliijua kwa moyo, maana yeye huwasomea wazee kabla hawajaweka dole gumba. Anayeishi peke yake akianguka nyumbani mwake, akabaki chini zaidi ya dakika kumi, inahesabiwa kwamba hakuweza kuinuka. Huyo hata kama ni alama yake ya kwanza anachukuliwa. Hata zile kumi zikifutwa zote, hii moja peke yake ilitosha kumpandisha mama yake kwenye gari.

Na yeye Namsifu alikuwa na muhuri. Fundi akiandika "hitilafu ya kifaa", alama inafutika, hakuna anayeuliza. Kidole kimoja tu.

Alikiweka kidole pale mara tatu, na mara tatu akakiondoa. Kwa sababu kama kweli mama yake alilala pale bila kuweza kuinuka, basi kufuta ni kumfungia mlango na kumwacha ndani. Leo dakika kumi na nne, kesho tangu asubuhi mpaka saa kumi. Na asipofuta, anamtia kwenye gari kwa mkono wake mwenyewe. Mama ana jibu, na mama hasemi. Namsifu akapiga teke mguu wa meza mpaka kidole cha mguu kikavimba, halafu akalia kwa hasira ya kidole.

* * *

Jumamosi, kabla umande haujakauka, gari jeupe lilisimama chini ya nyumba. Ofisa wa Hifadhi ya Wazee aliyekuja nalo aliitwa Bwana Kalumuna, mtu wa heshima, viatu vimepakwa rangi, sauti ya chini kama ya mchungaji. Alikaa sebuleni, akapewa chai. Namsifu alikaa mkono wake wa kulia, na kishikwambi. Bi Nanzia alikaa mkabala nao, amevaa gauni la kanisani, na pembeni wanawake wa Ikongwe walijaza benchi, mkeka na mlango. Hakuna aliyewaita.

"Bibi," akaanza Bwana Kalumuna, "hatukuchukui kwa ubaya. Kule kuna wauguzi, chakula kizuri..."

"Mwanangu, anayekuja kwa wema anabisha hodi, anauliza. Wewe umekuja na godoro kwenye gari."

Wanawake wakaguna. Bwana Kalumuna akanywa chai.

Namsifu akaeleza. Alisoma tarehe moja moja, na kwa kila tarehe mmoja wa wanawake aliitikia jina la marehemu. Alieleza vijicho, alieleza vile vilivyofundishwa, na alipofika kwenye kosa hakulizunguka: "Kosa ni letu sisi tuliofundisha. Mimi nikiwamo."

"Nimekuelewa, fundi," akasema ofisa. "Lakini hapa naona mwili umeshuka kwa kasi ya mtu aliyekatwa miguu. Hakuna mtu anayejiangusha hivyo kwa hiari. Angevunjika."

"Hakuna?" Mama Kiariro akainuka kutoka kwenye benchi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, wa miraba minne, bado hajafikia umri wa kuvalishwa Shikizo. "Bwana mkubwa, hebu sogeza kikombe chako."

"Mama, kuna nini?"

"Sogeza tu."

Kabla hajasogeza, Mama Kiariro akatoa ukelele uliotikisa bati, "Weee mama yangu weee!" akajitupa. Sakafu ilisema *ndii*. Chai ikamwagika kwenye suruali ya ofisa, naye akaruka na kiti chake nyuma.

"Ameanguka! Fundi, mama ameanguka!"

Mama Kiariro alikuwa chini, ameegemea kiwiko, anamtazama. "Sijaanguka, baba. Nimejitupa. Ukianguka hujui unakwenda wapi. Mimi najua, nimeanza na bega." Wenzake wawili wakaja wakamshika mikono, kama inavyopasa, wakamwinua. Akapangusa vumbi, kisha akamgeukia Bi Nanzia, na sauti yake ikawa nyingine. "Dada Nanzia, siku ile nilikuita bibi harusi. Sikujua umefungwa. Nisamehe."

"Nitafikiria," akasema Bi Nanzia.

Watu wakacheka, hata ofisa akatabasamu huku anajikausha na leso. Si mtu mbaya, nakwambia. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Alichukua kishikwambi, akasoma tena, akafuta moja, akafuta ya pili, akaendelea mpaka ya kumi.

"Hizi kumi nimezitoa. Nitaandika na ofisini wairudishe mashine shule." Akateremsha kidole. "Inabaki hii ya Jumanne. Jikoni, peke yake, dakika kumi na nne." Sauti yake ikarudi kuwa ya mchungaji. "Hii ni ya nyumbani, na imepita kumi. Bibi, hapa sina ujanja. Labda fundi aniambie kifaa kilikosea."

Wote wakamtazama Namsifu. Ofisa naye alikuwa ameinamia kiatu chake, kama mtu anayekupa nafasi ya kupita bila kukuona.

Namsifu akamtazama mama yake. Gauni la kanisani, vidole vimefumbana juu ya magoti. Akaona bafu, akaona miguu ya baba yake imetokeza mlangoni. Akaona godoro la kwenye gari. Akafungua kinywa.

"Ni hitilafu ya ki..."

"Nyamaza, Namsifu!"

Bi Nanzia alikuwa amesimama, na hasira yake ilikuwa imesimama naye.

"Kumi za kwanza umeziamini kwa neno letu," akamwambia ofisa. "Ya kumi na moja haifutwi kwa uongo wa binti yangu. Wiki nzima mnanisoma. Suruali inanisoma, kishikwambi kinanisoma, mwanangu ananisoma, na wewe umetoka na gari kuja kunisoma. Swali mnalo, na mwenye jibu nimekaa hapahapa nakunywa chai, na wewe umemuuliza fundi!"

Bwana Kalumuna akaweka leso mfukoni. Akakaa vizuri, akauweka mbali ule utulivu wake wa kazini, akauliza kama mtoto anavyomuuliza mkubwa. "Shikamoo, mama. Jumanne ulikuwa unafanya nini pale chini?"

"Marahaba." Bi Nanzia hakukaa. "Nilianguka. Andika hivyo, nilianguka. Nilimwaga maji ya maharage juu ya vigae vyenu, mguu ukateleza. Hiki kidude kilikaza kama kawaida yake, tukaenda chini wote wawili kama walevi. Miwani ikaruka chini ya meza. Dakika ya kwanza nilikuwa natafuta miwani. Ya pili nikajipapasa nyonga, nikajipapasa goti, nikaona mzima, nikashika mguu wa meza, nikainuka mpaka nusu. Muulize huyo mtaalamu wako, kama vijicho vyake vinasema kweli: niliinuka mpaka nusu au sikuinuka?"

Namsifu akashuka kwenye mistari midogo ambayo kwa hofu hakuwahi kuifungua. "Uliinuka, mama. Dakika ya pili. Halafu ukarudi chini."

"Nikarudi chini mwenyewe. Maana hiki kidude kikishashindwa kukuzuia kinalegea, na nilikuwa sijaachiwa kwenda chini tangu Jumamosi ile ya msiba." Sauti ya Bi Nanzia ikakatika, akaikamata, akaisukuma mbele kwa nguvu. "Hizo dakika kumi na mbili zilizobaki sikushindwa kuinuka, nilikuwa namlilia wifi yangu."